Kuigundua Homa ya Q katika Mbuzi, Kondoo na Ng'ombe wa Bujumbura

Homa ya Q husababishwa na bakteria aitwaye Coxiella burnetii, na mnyama aliyeambukizwa kwa kawaida haonekani mgonjwa. Mbuzi mwenye bakteria huyo hula, hucheua na kunenepa kama wenzake. Ng'ombe huendelea kutoa maziwa. Mwili haupati joto la kutia shaka, hakuna kamasi wala kuhara. Bakteria hupendelea kondo la nyuma kuliko kiungo kingine chochote, na humo huzaana kimya kimya mpaka mimba inapokaribia kutimia. Gramu moja ya kondo la mbuzi aliyetupa mimba kwa ugonjwa huu inaweza kubeba bakteria bilioni moja, ilhali binadamu anaweza kuambukizwa kwa kuvuta pamoja na hewa bakteria wasiofika kumi.

Kwa hiyo muda wa kuutambua ugonjwa ni mfupi, nao huja wakati ambao wafugaji wengi wana haraka ya kusafisha. Mimba inapotoka, kitoto huzikwa au kutupwa mtaroni, kondo huliwa na mbwa, banda hufagiliwa. Kinachotupwa hivyo ndicho ambacho maabara ingekihitaji zaidi. Wiki mbili baadaye, mfugaji anapomwita daktari wa mifugo kwa sababu mbuzi wa tatu ametupa, hubaki damu peke yake, na damu katika ugonjwa huu hutoa jibu la nusu.

Bujumbura ina sababu zake za kuujali ugonjwa huu. Jiji limebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, na mifugo haiko mbali na watu: kuna mabanda ya mbuzi na ng'ombe wa maziwa Kanyosha, Kinama, Buterere na kuelekea Gatumba, ambako bonde la Rusizi hufunguka hadi mpaka wa Kongo. Maziwa mengine hushuka kutoka nyanda za juu za Mugamba. Mbuzi huletwa kutoka mikoani kwa ajili ya mishikaki inayochomwa jiji zima kila jioni, na mtaa wa Buyenzi hupokea wengine wengi sikukuu ya Idi inapokaribia. Aidha, sheria ya Oktoba 2018 iliyopiga marufuku mifugo kuzurura iliwapa wafugaji miaka mitatu ya kujiandaa, kisha ikaanza kutekelezwa mwaka 2021. Ufugaji wa zizini una faida zake, hasa kwa mashamba ya jirani na kwa samadi, lakini kwa homa ya Q unaleta jambo la kuangaliwa. Mnyama aliyekuwa akizalia malishoni, jua likakausha na mvua ikasambaza, sasa huzalia bandani hatua chache kutoka jikoni, na samadi yake hurundikwa hapo hapo. Kiangazi kinapofika, kuanzia Juni, samadi hiyo hugeuka vumbi.

Bakteria huyu huvumilia ukavu kwa namna isiyo ya kawaida. Hujikunja katika umbo dogo gumu na kudumu kwa miezi mingi katika udongo, manyoya na samadi iliyokauka, kisha hupeperushwa na upepo. Mtu anaweza kuugua bila kumgusa mbuzi hata mmoja. Kupe nao wamekutwa na bakteria huyu, lakini mchango wao katika kueneza ugonjwa ndani ya zizi ni mdogo ukilinganishwa na kuzaa. Mfugaji anayeogesha mifugo kwa dawa ya kupe kila wiki anafanya vyema kwa sababu nyingine. Homa ya Q hajaizuia.

Dalili ya kutilia maanani ni mimba kuharibika mwishoni. Kwa mbuzi na kondoo, hali ya kawaida ni kundi ambalo lilikuwa likizaa vizuri, kisha majike kadhaa hutupa mimba katika wiki za mwisho bila kuonyesha ugonjwa siku zilizotangulia. Wengine huzaa kwa wakati, ila kitoto kimekufa au ni dhaifu, hakinyonyi, na hufa siku ya kwanza au ya pili. Pacha mmoja anaweza kuwa hai na mwenzake mfu. Kondo, likiangaliwa kwa makini, huweza kuwa nene kama ngozi ya kiatu, limefunikwa na uchafu mzito wa rangi ya kahawia au kijivu, hasa katika nafasi zilizo kati ya vifundo vyake. Pengine halina alama yoyote, na kutokuwa na alama hakuthibitishi kwamba kundi ni salama.

Kwa ng'ombe dalili huwa fiche zaidi. Ng'ombe hatupi mimba kwa mkumbo kama mbuzi. Huonekana kondo linalokwama mara kwa mara, tumbo la uzazi linalooza baada ya kuzaa, na jike anayepandishwa mara tatu au nne bila kushika. Kila tukio, likitazamwa peke yake, lina maelezo mengine mia moja. Linapoanza kurudiarudia katika banda moja ndipo shaka inapopata uzito, na hakuna anayeweza kuona marudio hayo bila daftari. Daftari la shule linatosha: jina au namba ya jike, tarehe ya kupandishwa, tarehe ya kuzaa au kutupa, hali ya kitoto, hali ya kondo, na mnyama gani mpya aliingia zizini miezi ile. Daktari anayepewa daftari la namna hiyo huanza kazi akiwa amekwisha vuka nusu ya njia.

Paka na mbwa wasisahauliwe. Paka anayezalia ndani ya nyumba amewahi kuwa chanzo cha maambukizi ya watu huko Kanada, na mbwa anayekula makondo huyaburuta kutoka ua mmoja hadi mwingine. Hata hivyo, shaka ya kwanza ielekezwe kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe.

Kutupa mimba kwenyewe hakutoshi kutaja homa ya Q, kwa sababu Burundi ina magonjwa mengine yafanyayo vivyo hivyo, na mengine ni ya dharura kuliko hili. Brusela ndiyo inayofahamika zaidi, nayo pia humwambukiza binadamu kupitia maziwa mabichi na uchafu wa uzazi. Homa ya Bonde la Ufa iliingia nchini mwaka 2022, ikaua ng'ombe na kusababisha mimba nyingi kuharibika, hadi serikali ikafunga masoko ya ng'ombe na kuzuia usafirishaji. Ugonjwa huo hufuata mvua na mbu, huua ndama wachanga kwa wingi, na ng'ombe wakubwa huumwa waziwazi. Ukishukiwa, taarifa haipaswi kusubiri hata siku moja. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyoua maelfu ya mbuzi nchini mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, nayo hutoa mimba, ila huja na makamasi, vidonda vya mdomo na kuhara. Klamidia hufanana mno na homa ya Q kwa mbuzi na kondoo, hata kondo lake linaweza kumdanganya daktari mzoefu. Kuna pia toksoplasma inayoletwa na kinyesi cha paka, ugonjwa wa ndorobo, leptospira, na hata njaa ya kiangazi au majani yenye sumu.

Kutokana na orodha hiyo, anayechukua sampuli kwa ajili ya homa ya Q peke yake amefanya kazi nusu. Sampuli moja iliyochukuliwa vizuri inaweza kupimwa magonjwa matatu au manne, na jambo la busara ni kuomba brusela ipimwe kwanza au sambamba. Kipimo cha Rose Bengal cha brusela ni cha bei nafuu na hutoa jibu kwa dakika chache. Tatizo hutokea pale jibu linaporudi kwamba hakuna brusela, kila mtu akashusha pumzi, na uchunguzi ukaishia hapo huku majike wakiendelea kutupa. Kukosekana kwa brusela katika kundi linalotupa mimba ni sababu ya kuendelea kutafuta.

Uchukuaji wa sampuli ndio moyo wa shughuli yote. Mnyama akitupa mimba, hatua ya kwanza ni kumtenga yeye na kitoto chake, na kuwaondoa mahali pale watoto, wajawazito, na mtu yeyote aliyewahi kuambiwa ana tatizo la vali za moyo. Atakayebaki avae glavu za mpira, buti, nguo zitakazofuliwa au kuchomwa, na barakoa inayobana uso vizuri, ile ya kuzuia vumbi laini wanayovaa wahudumu wa kifua kikuu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Maji yasimwagwe kwa nguvu sakafuni, wala sakafu isifagiliwe ikiwa kavu, kwa kuwa vyote viwili hurusha bakteria hewani.

Sampuli bora ni kipande cha kondo chenye vifundo kadhaa, kikichukuliwa kabla hakijaburutwa ardhini. Kondo lililolala samadini usiku mzima hupata uchafu wa kila namna, ukiwemo bakteria wa wanyama wengine, na jibu lake huwa gumu kueleweka. Kama kondo limepotea au limekwama tumboni, yafaa kitoto kizima kipelekwe, au daktari achukue majimaji ya tumbo lake la chakula, kipande cha ini, pafu na wengu. Kama kitoto nacho kimeliwa, hubaki ute wa uke wa mama yake, unaochukuliwa kwa kijiti chenye pamba safi. Ute huo una thamani ukichukuliwa ndani ya siku 8 tangu mimba itoke. Baada ya hapo idadi ya bakteria hushuka haraka, na jibu la "hakuna" halina maana kubwa tena. Sampuli zitoke kwa zaidi ya mnyama mmoja kila inapowezekana. Majike wawili au watatu waliotupa katika wiki zile zile hueleza habari ya kundi. Mmoja hueleza habari yake mwenyewe.

Kila sampuli iwekwe katika chombo chake kisichovuja, chombo hicho ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na vyote ndani ya kisanduku chenye barafu. Jina la mnyama, tarehe na aina ya sampuli viandikwe kwa kalamu isiyofutika juu ya chombo cha ndani. Karatasi iliyobandikwa kwenye mfuko wa nje hulowa na kubanduka. Vipande vya kupimwa vinasaba visitiwe formalini. Dawa hiyo inafaa kwa kipande kitakachotazamwa kwa hadubini na mtaalamu wa tishu, nacho kiwekwe peke yake. Dereva wa pikipiki anayebeba kisanduku aelezwe ndani kuna nini na kwamba hakifunguliwi njiani. Hilo linasahaulika kuliko yote.

Damu huchukuliwa pia, lakini kwa lengo tofauti. Kingamwili huhitaji wiki mbili hadi tatu kujitokeza, hivyo damu iliyochukuliwa siku mimba ilipotoka inaweza kuonyesha hakuna kitu wakati kondo limejaa bakteria. Njia nzuri ni kuchukua damu ya majike kadhaa waliotupa na ya wengine waliozaa salama, kisha kurudia kwa wale wale baada ya wiki tatu hivi. Kingamwili zikipanda kati ya mara ya kwanza na ya pili, maambukizi ni ya karibuni. Zikiwa juu mara zote mbili, huenda ni ya zamani.

Kwa mfugaji wa Bujumbura, mlango wa kuingilia ni daktari wa mifugo wa komini yake, na kupitia kwake Maabara ya Taifa ya Mifugo iliyomo jijini. Apige simu kabla ya kupeleka kitu. Maabara yoyote ya mifugo huwa na vifaa vya kipimo fulani wiki hii na huishiwa wiki ijayo, na sampuli inayofika bila taarifa hulala kwenye friji. Kipimo kisichopatikana nchini kinaweza kufanywa nje kwa njia rasmi. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limeuweka ugonjwa huu katika orodha yake ya magonjwa ya kutolewa taarifa, na mojawapo ya maabara zake za rejea kwa homa ya Q ni ile ya shirika la serikali la ANSES iliyoko Sophia Antipolis, Ufaransa.

Maabarani, njia kongwe na rahisi ni kupaka kipande cha kondo kwenye kioo, kukitia rangi na kukitazama kwa hadubini. Rangi ya Ziehl-Neelsen iliyopunguzwa makali, jamaa ya ile inayotumika kwa makohozi ya kifua kikuu, huonyesha bakteria wadogo wekundu waliosongamana ndani ya chembe. Kipimo hicho ni cha haraka na kinawezekana karibu kila mahali, ila brusela na klamidia huchukua rangi ile ile. Kinachoonekana kiandikwe kuwa ni shaka, kikisubiri kuthibitishwa.

Uthibitisho hutoka kwa kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya Coxiella moja kwa moja. Kinafaa kwa kondo, ute, viungo vya kitoto, maziwa na kinyesi. PCR inayohesabu wingi ni bora kuliko ile inayosema "yupo" au "hayupo" tu, kwa sababu banda lenye vumbi la bakteria huweza kumchafua mbuzi aliyezaa salama na kutoa alama hafifu. Kondo lenye bakteria wengi mno, kutoka kwa jike aliyetupa mimba, ambalo halikukutwa na brusela wala klamidia, linatosha kumfanya daktari aandike jina la ugonjwa bila kusita. Kumwotesha bakteria mwenyewe hakufanywi katika maabara za kawaida. Kazi hiyo huhitaji vyumba vya ulinzi wa ngazi ya 3, na wataalamu kadhaa katika historia ya ugonjwa huu waliambukizwa kazini.

Kwa damu na maziwa, kipimo kinachotumika zaidi ni ELISA, kinachotafuta kingamwili. Ni kizuri kwa kujua kama kundi limewahi kukutana na ugonjwa na kwa kulinganisha eneo moja na jingine. Makosa mengi ya tafsiri hutokea hapa. Mbuzi mwenye kingamwili anaweza kuwa aliambukizwa miaka miwili iliyopita na sasa hatoi bakteria hata mmoja. Jirani yake asiye na kingamwili anaweza kuwa anamwaga bakteria kwenye maziwa na uchafu wa uzazi. Kumchinja wa kwanza na kumbakiza wa pili kwa sababu karatasi ya maabara imesema hivyo ni kupoteza mtaji na kubaki na ugonjwa. ELISA huuliza habari za kundi, na jibu lake lisomwe kwa kundi: kama nusu ya majike waliotupa wana kingamwili na waliozaa salama hawana, au wanazo wachache tu, hiyo ni ishara nzito; kama wote wanazo sawasawa, ugonjwa umeishi hapo muda mrefu, na sababu ya mimba kutoka mwaka huu inaweza kuwa nyingine kabisa.

Tahadhari hiyo inamhusu pia anayenunua. Mnyama mpya kupimwa damu mara moja na kukutwa hana kingamwili hakumfanyi kuwa salama. Afadhali kuuliza habari za kundi alikotoka, kumnunua akiwa hana mimba inapowezekana, na kumtenga mpaka azae mara ya kwanza. Miradi inayogawa ng'ombe kwa mfumo wa mshikamano, ambapo aliyepewa humkabidhi jirani ndama wa kwanza, ingefanya vyema kuweka kipimo cha homa ya Q kando ya kile cha brusela kabla ya ndama kuvuka ua. Ndama anayepokelewa kwa furaha akabeba bakteria huyu atamfikishia jirani wa tatu na wa nne.

Kwa wafugaji wa maziwa ipo njia ya ufuatiliaji isiyomsumbua mnyama: kupima maziwa yaliyochanganywa ya banda zima. Chupa moja ndogo kutoka kwenye ndoo kubwa, ikipimwa kwa PCR mara kwa mara, huonyesha kama kuna jike anayetoa bakteria. Uholanzi ililazimisha upimaji wa namna hiyo mwaka 2009, baada ya mbuzi wa maziwa katika mkoa wa Noord-Brabant na jirani zake kusababisha mlipuko ulioanza 2007 na kuwapata zaidi ya watu 4,000 hadi kufikia 2010. Serikali ilichinja mbuzi zaidi ya 50,000. Ilikuwa nchi tajiri yenye maabara nzuri na madaktari wa mifugo wengi, na bado miaka miwili ilipita kabla ya hatua kali kuchukuliwa, hali mbuzi walikuwa wamekwisha anza kutupa mimba mwaka 2005. Kasoro ya kupima maziwa ya ndoo ni kwamba majike waliokaushwa na wenye mimba ya kwanza hawamo katika ndoo, na kondoo hutoa bakteria kwa njia ya kinyesi na ute kuliko maziwa. Hata hivyo, vyama vya ushirika vinavyokusanya maziwa kwa ajili ya soko la Bujumbura vingeweza kuanza na upimaji huo kwa gharama ndogo.

Wakati wa kusubiri majibu, banda lichukuliwe kuwa lina ugonjwa. Makondo na vitoto vilivyokufa vichomwe, au vizikwe kwa kina ambacho mbwa hafikii, juu yake chokaa. Dawa nyingi za kusafishia sakafu hazimuui bakteria huyu kwa uhakika, kwa hiyo kuondoa uchafu ukiwa bado umelowa kuna faida kuliko kuumwagia dawa ukauke. Samadi ya banda lililotupa mimba irundikwe mbali na nyumba, ifunikwe, na iachwe ichemke yenyewe kwa miezi mitatu kabla ya kwenda shambani. Hata hapo isitawanywe siku ya upepo. Hili ni gumu kwa mkulima anayesubiri samadi hiyo kwa msimu wa mvua za Oktoba, na daktari anayetoa ushauri bila kulizungumzia atasikilizwa kwa adabu na kupuuzwa.

Maziwa yachemshwe. Kiwango cha viwandani, nyuzi joto 72 kwa sekunde 15 au 63 kwa dakika 30, kimewekwa kwa kumlenga bakteria huyu hasa: Marekani ilipandisha kiwango chake cha chini mwaka 1956 baada ya kubainika kwamba kile cha awali kilimwacha hai. Maziwa yanayofika mchemko jikoni yamepita kiwango hicho. Maziwa ya kugandisha yanayotengenezwa bila kuchemshwa hayana kinga hiyo, na uchachu wake usitegemewe kuua.

Sindano za oksitetrasaiklini hutolewa mara nyingi kwa majike wenye mimba pale wenzao wanapoanza kutupa. Zinaweza kupunguza hasara, ila hazikomeshi utoaji wa bakteria wakati wa kuzaa, na zikichomwa kabla ya sampuli kuchukuliwa huvuruga majibu. Sampuli kwanza, sindano baadaye. Chanjo ya mifugo ipo na inatumika katika baadhi ya nchi za Ulaya. Hufanya kazi vizuri kwa mnyama ambaye hajaambukizwa, hivyo kuijua hali ya kundi mapema kuna faida hata pale ambapo chanjo bado haijafika.

Upande wa binadamu haukwepeki, kwa sababu mara nyingi mtu ndiye anayetangulia kuonyesha kwamba banda lina ugonjwa. Homa ya Q ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1935 kwa wafanyakazi wa machinjio huko Brisbane, Australia, na daktari Edward Derrick, wakati ambapo hakuna aliyewashuku mifugo waliokuwa wakichinjwa. Wiki mbili hadi tatu baada ya kuvuta bakteria, mtu hupata homa kali, kichwa kuuma sana, jasho, kikohozi, au ini kuvimba. Zaidi ya nusu ya walioambukizwa hawahisi chochote. Katika Afrika Mashariki yenye malaria, homa kama hiyo hupewa jina kabla ya kupimwa. Huko Moshi, Tanzania, utafiti uliofanyika 2007 na 2008 kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 60 walidhaniwa kuwa na malaria, wakati waliothibitika kuwa nayo hawakufika asilimia 2. Miongoni mwa wengine ilikutwa homa ya Q, kwa kiwango cha kama mtu mmoja katika kila 20 waliopimwa damu mara mbili kwa ajili yake.

Doksisaiklini, dawa inayopatikana katika maduka mengi ya dawa Bujumbura, ndiyo inayotibu homa ya Q ya ghafla kwa mtu mzima, kwa wiki mbili na kwa maelekezo ya daktari. Mjamzito hutibiwa kwa dawa nyingine. Mwenye vali mbovu za moyo anahitaji kufuatiliwa kwa miezi, kwa kuwa kwake ugonjwa unaweza kuganda moyoni na kuhitaji tiba ya mwaka mmoja na nusu. Daktari wa hospitali hataweza kuyapanga hayo kama hajui mgonjwa anatoka wapi. Mchungaji, mchinjaji, muuza maziwa au mama wa nyumbani mwenye mbuzi uani, akishikwa na homa isiyoonekana kwenye kipimo cha malaria, amwambie daktari kwamba mwezi uliopita kuna mnyama aliyezaa au kutupa mimba nyumbani kwake, na amwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.